Nora si malaika

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu kinaandaa tamthilia ya Nyumba ya Mwanasesere ya Henrik Ibsen (1879). Anayeigiza Nora anamfanya malaika aliyeonewa. Ni sawa?

JIBU: Hapana, na hapo ndipo maonyesho mengi hupwaya. Ili kuokoa maisha ya mumewe Torvald kwa safari ya Italia, Nora alighushi saini ya baba yake na kukopa. Sheria haikumruhusu mke kukopa bila idhini ya mume. Tarehe ndiyo iliyomponza: baba alifariki 29 Septemba, saini ni ya 2 Oktoba. Krogstad, aliyemkopesha, anapombana, hakani. Anakiri kwa kiburi. Msiikate sehemu hiyo.

Hata vibiskuti vya lozi alivyokatazwa na mumewe anavidanganyia! Katika tendo la pili anamchezea Dakta Rank, rafiki wa familia, kwa soksi za hariri, akijiandaa kumwomba msaada. Rank anapotamka kuwa anampenda, Nora anaghairi kuomba. Mwigizaji aonyeshe hila hiyo na staha hiyo pamoja.

Machozi ya mapema huua tendo la tatu. Nora aendelee kuamini kuwa Torvald atajitwika kosa lake, mpaka barua ya Krogstad inayofichua siri isomwe na mume aanze kumfokea. Kuanzia hapo apunguze sauti, asiongeze.