Jibu: mradi wa hesabu na kompyuta wa kufanya peke yako

Mdogo wangu, umeuliza mradi gani wa hesabu na kompyuta utaufanya peke yako bila maabara. Pima maji kujaa na kupwa. Chora sentimita kwenye nguzo ya gati, andika kimo kila saa; mchana tu yatosha. Kisha programu ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) ijumlishe mawimbi mawili ya kosaini: la mwezi, linalojirudia kila baada ya saa 12.42, na la jua, kila baada ya saa 12. Yakienda pamoja ni bamvua (maji hujaa na kupwa sana), yakipingana ni maji mafu (hujaa na kupwa kidogo). Ukubwa wa kila wimbi utafute kwa kupunguza jumla ya miraba ya makosa, yaani tofauti kati ya kimo ulichopima na kile cha programu. Hapo ndipo matriksi (majedwali ya namba) zinaponoga! Usipime kwa muda usiofika wiki mbili, la sivyo mawimbi hayatatengana vizuri. Grafu waonyeshe wavuvi wa Mji wa Kale, wanaohesabu maji kwa mwezi mwandamo.