Debe la maziwa la bibi

Bibi yangu wa Kibosho, Kilimanjaro, alipoamua kusafisha ghala, alituambia wajukuu tuchukue tunachotaka kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika. Mimi nikarudi Dar na vyombo vya kupandia maua: debe la maziwa la aluminiamu lililotoboka kitako, madebe mawili ya bati ya lita 20 tuliyokuwa tukipimia mahindi, na karai lenye kutu. Kondakta alinitoza mizigo karibu sawa na nauli yangu.

Kitu kizuri kuliko vyote nilikiacha shingo upande: bomba la zamani la kupulizia kahawa, lenye madoa ya buluu ya mrututu, dawa ya ukungu wa kahawa. Bibi alikataa katakata. Mrututu una shaba, na shaba ikizidi kwenye udongo inaumiza mizizi. Madumu ya plastiki ya dawa za shamba ndiyo usiyaguse kabisa, hata kwa maua tu. Plastiki hunyonya dawa, kusuuza hakuitoi yote, na watoto hawaachi kuchezea udongo. Kabla ya kuwaza rangi, uliza chombo kilibeba nini.

Debe la kwanza la bati nililiharibu mwenyewe. Nilitoboa matundu mawili, nikamwaga kokoto chini ili eti maji yapite, nikapanda asumini. Wiki ya tatu majani yakawa manjano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Nilipoing'oa, udongo wa chini ulinuka kama mtaro na mizizi ilikuwa myeusi, inateleza mkononi. Kumbe maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake ulowe chapachapa, kwa hiyo nilikuwa nimeipunguzia mizizi nafasi tu.

Siku hizi natoboa matundu manane kwa msumari wa inchi nne. Nalisimamisha debe juu ya mchanga na kupiga msumari kutokea ndani. Ukipiga kutokea nje, bati linachanika kuelekea ndani, linafanya kingo, na maji yanatuama. Juu ya matundu natandika kipande cha chandarua kilichochakaa. Udongo ni ndoo mbili za udongo mweusi, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya mchanga wa mto. Wa baharini una chumvi, uache.

Halafu kuna jua letu. Saa nane mchana bati huligusi, na mizizi ya pembeni inachemka. Nilipaka rangi nyeupe nje, nikazungushia gunia la katani ndani, na kulisogeza upande wa asubuhi. Liinue juu ya matofali, na sahani ya kukinga maji chini usiweke, maana mbu wa dengue hataki zaidi ya hapo.

Karai nililipiga msasa na rangi ya kuzuia kutu kwa nje. Ni fupi, lakini mnanaa na mrehani vimeridhika.

Debe la maziwa lina shingo nyembamba, kwa hiyo ukipanda humo kitu cha kuhamishwa baadaye utajuta. Nimechomeka vipande viwili vya masale, mmea wa mipaka wa Wachagga, ambavyo bibi alivikata mpakani mwa kihamba, yaani shamba la ukoo. Juzi nilimpigia kumwambia yametoa majani. Akauliza kama lile debe bado linavuja.

Nikamwambia linavuja vizuri sana.