Jibu: kujua fanksheni inaitwa kutoka wapi kwenye mfumo ulioachiwa

Ndugu, umesema umeachiwa mfumo wa sacco ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Python, faili zaidi ya mia mbili, aliyeuandika ameondoka na simu hapokei, nawe unataka kujua fanksheni ya faini (kipande cha msimbo chenye jina, kinachofanya kazi moja) inaitwa kutoka wapi, yaani ni sehemu gani za mfumo zinazoitumia, kabla hujaigusa. Hiyo "kabla" yako ndiyo iliyonikalisha chini niandike, maana mimi niligusa kwanza.

Nilikuwa Kisumu, chumba cha juu pale Kondele, nikitunza mfumo wa mikopo wa waendesha boda. Kulikuwa na fanksheni, tozo_ya_kuchelewa. Nikaitafuta kwa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, ukatokea mstari mmoja tu, ule ilipoandikwa. Nikaona haitumiki, nikaifuta Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi mama mhasibu akapiga simu: "Mwanangu, mbona tangu Ijumaa hakuna aliyetozwa?"

Kumbe kila saa nane usiku cron, ratiba ya seva inayoendesha kazi zenyewe, ilikuwa ikisoma jedwali kwenye hifadhidata, inachukua neno "ya_kuchelewa", inaliunganisha na "tozo_", kisha inaita fanksheni kwa getattr, ambayo ni njia ya Python ya kupata kitu kwa jina lililoundwa wakati programu inakimbia. Jina zima halikuandikwa popote pengine. Grep ni chombo cha tangu 1973 na kazi yake ni kulinganisha herufi. Herufi zisizokuwepo hakizioni. Kosa lenyewe lilikuwa likiandikwa kila usiku kwenye barua za ndani za seva, na hakuna aliyekuwa akizifungua.

Tangu hapo siusomi mfumo mgeni kuanzia faili ya kwanza. Naanzia kwa anachokiona mtumiaji. Kama skrini inasema "Faini imetozwa", natafuta maneno hayo hayo kwa git grep -n (git ni chombo kinachotunza historia ya msimbo), yananipeleka kwenye ukurasa, ukurasa unanipeleka kwenye fanksheni inayouandaa, na kutoka hapo nashuka.

Lakini ushahidi ninaouamini ni wa programu ikiwa inakimbia. Kwenye mashine ya majaribio weka breakpoint(), amri ya kuisimamisha programu, mwanzoni mwa fanksheni (inahitaji Python 3.7 kwenda juu), bonyeza unachobonyeza, na ikisimama andika w uone mlolongo wa walioiita. Usome kutoka chini kwenda juu: mstari wa mwisho ndipo ulipo, wa juu yake ndiye aliyekuita. Kwenye seva ya kazi huwezi kuisimamisha, watu wanasubiri mikopo yao. Huko ongeza mstari wa logi (kumbukumbu ambayo programu huandika ikiwa kazini) wenye stack_info=True. Mlolongo ule ule unaandikwa kwenye logi na kazi inaendelea.

Halafu subiri, tafadhali. Siku moja haitoshi. Sacco ina kazi za usiku, za mwisho wa mwezi, na nyingine za kufunga mwaka. Za mwaka hutazisubiri, kwa hiyo muulize mhasibu ni kazi gani huonekana mara moja kwa mwaka. Yeye anaujua mfumo huo kwa upande ambao msimbo hauonyeshi.

Pia jaribu git log -S ukifuatisha jina la fanksheni. Itakuonyesha lini jina hilo liliingia na lini liliondolewa mahali, hata kama leo halipo tena. Mara nyingine ujumbe wa aliyeandika unamaliza swali.

Weka huo mstari wa logi leo, uuache mpaka tarehe 1 ipite, kisha leta hapa utakachokikuta tukisome pamoja.