Kwa nini chombo chenye kasi bado hushindwa katika mbio za Elite Dangerous

Mleta mada anacheza Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa kurusha vyombo vya anga. Ameeleza kwamba amenunua Imperial Courier, chombo kinachosifiwa sana kwa wepesi, lakini kila Ijumaa usiku anapokimbizana na wenzake watatu kutoka kituo hadi kituo hufika wa mwisho. Anauliza abadilishe achukue chombo gani. Ameuliza pia kama mtandao wetu wa huku Malindi unafaa, na kama ni lazima wote wawe mtandaoni kwa wakati mmoja. Mimi na marafiki wanne tumekuwa tukishindana hivyo tangu mwaka 2017, kwa hiyo nitajibu kutokana na niliyoyapitia mwenyewe.

Usibadilishe chombo. Kasi uliyoilipia kwenye Courier hufanya kazi karibu na kituo tu, katika kilomita chache za kutokea na za kuingilia. Ukishaingia supakruzi, yaani mwendo wa kusafiria masafa marefu kati ya sayari na vituo, ambako ndiko sehemu kubwa ya safari ilipo, vyombo vyote huongeza kasi kwa namna moja, na tofauti iliyobaki ni jinsi kimoja kinavyogeuka kuliko kingine. Isipokuwa vile vilivyofungwa injini za SCO (za kuzidisha kasi ya supakruzi) zilizoletwa mwaka 2024, ambazo hukupa mwendo wa ziada kwa gharama ya mafuta na joto. Sisi tumezikataza katika mbio za kawaida, kwa sababu humwondolea dereva kazi ambayo ndiyo tamu yenyewe.

Kazi hiyo ni kufika. Nakuhakikishia kwamba dakika zako unazipotezea mwishoni mwa safari.

Katika supakruzi, uvutano wa nyota na sayari ndio unaokuzuia au kukuachilia. Ukiwa mbali nazo unaweza kukaribia kikomo cha mchezo, ambacho ni mara 2,001 ya kasi ya nuru; ukikaribia sayari, kasi hushuka hata kama hujagusa kitu. Kando ya jina la kituo unachokiendea huandikwa umbali uliobaki na muda wa kufika. Mgeni huacha mpini wa kasi juu kabisa hadi muda huo unapofika sekunde 4 au 3, na hapo huwa amekwisha kuchelewa: chombo hupita kituo, inabidi ageuke, aongeze kasi upya, apunguze upya. Duara moja la namna hiyo hula dakika nzima, na nimewaona watu wakilipiga mara tatu mfululizo huku wakilaumu chombo.

Kanuni ya kuanzia ni rahisi: muda ukisomeka sekunde 7, rudisha mpini kwenye robo tatu na usiuguse tena. Kompyuta itakupeleka taratibu hadi chini ya kilomita 1,000, ambapo utaruhusiwa kutoka salama. Kanuni hiyo itakufikisha, lakini haitakupa ushindi, kwa sababu wenzako nao wanaijua.

Marehemu baba alikuwa mvuvi, na utotoni nilirudi naye mara nyingi kutoka nje ya mwamba, kusi ikitupiga kwa nyuma. Mlango wa kupitia mwamba si mpana, na nilidhani kazi ya nahodha ni kuulenga tu. Baba alikuwa haangalii mlango. Alikuwa akiangalia povu upande wa mwamba na rangi ya maji, na aliamrisha tanga lishushwe wakati mimi naona bado ni mapema mno. Chombo kiliendelea kwenda kwa msukumo wake chenyewe, maji yaliyokuwa yakirudi kutoka mwambani yakakipunguza, nasi tukaingia ndani ya mlango kwa mwendo ule ule aliokuwa ameutaka, bila kupiga kasia hata moja.

Nilikumbuka jambo hilo usiku mmoja nilipokuwa nikikimbizana na binamu yangu kuelekea kituo kinachozunguka sayari kubwa ya gesi. Badala ya kukilenga kituo moja kwa moja, nilielekeza pua pembeni, karibu na ukingo wa sayari, mpini ukiwa juu kabisa. Muda ukasoma 9, kisha 7, kisha 6, na mkono wangu ulitamani kuvuta. Sikuvuta. Uvutano wa sayari ukaanza kunikamata, namba ikakwama kwenye 5, ikapanda tena kuwa 6, kasi ikawa inaporomoka yenyewe, nami nikageuza pua kuelekea kituoni wakati vipimo vyote viwili, cha umbali na cha kasi, vimeingia kwenye rangi ya buluu. Binamu yangu alifuata kanuni ya sekunde 7 bila kosa lolote, na nilimtangulia kwa sekunde 21. Tangu siku hiyo, kabla ya kila mbio, huchora kwenye daftari mahali kituo kilipo kwa sayari yake, na upande nitakaotokea. Anza na hilo kabla ya kununua kifaa chochote.

Ukishatoka supakruzi, omba ruhusa ya kutia gati mara tu umbali unapopungua chini ya kilomita 7.5, usingoje hadi uone mlango. Mlango wa vituo vikubwa ni mwembamba na huzunguka pamoja na kituo. Taa za kijani zikae kuliani kwako, kama zilivyo kwenye chombo cha baharini. Hapa Courier yako itakufaa kweli, mradi usimgonge mtu, kwani ukigonga chombo kingine ukiwa umezidi mita 100 kwa sekunde utatozwa faini. Teremsha miguu ya kutulia kabla hujapita mlango. Nimeshuhudia mtu aliyekuwa amekwisha kushinda akipoteza mbio juu ya gati kwa sababu ya miguu hiyo.

Kuhusu kupunguza uzito sina mengi: toa silaha, toa kila kisichohitajika, na chagua vifaa vya daraja la D ambavyo ndivyo vyepesi. Chombo chepesi huruka mbali zaidi kati ya nyota na nyota. Farumi, ule uzito wa kutuliza jahazi, ni ya baharini, huku haina kazi.

Mtandao wa Malindi unatosha. Mchezo huu hudai intaneti hata ukicheza peke yako, lakini mzigo mkubwa ni wa kuupakua mara ya kwanza. Wala si lazima muwe pamoja. Sisi huweka njia moja, kila mtu hukimbia siku yake ndani ya wiki, na ushahidi ni picha mbili za skrini: moja kabla ya kuondoka gatini, nyingine baada ya kutua, zote zikionyesha saa ya mchezo. Saa hiyo hufuata UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa hiyo ikiandika 18:00 kwetu ni saa tatu usiku, na miaka imesogezwa mbele, kiasi kwamba 2014, mwaka mchezo ulipotoka, huandikwa 3300. Umeme ukikatika katikati ya safari, tunamruhusu mtu arudie mara moja. Hatujawahi kumtilia shaka mwenzetu, na kundi lenu lisipoaminiana katika hilo, picha hazitasaidia.

Kuna mbio moja ndefu ambayo ningependa muijaribu. Kila tarehe 12 Desemba tunaanzia mfumo wa Jua na kuelekea Cygnus X-1. Tumeichagua kwa sababu yetu ya nyumbani: tarehe hiyo mwaka 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya nchi yetu. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani tu, na vipimo vyake ndivyo vilivyowafanya wanasayansi waitazame Cygnus X-1 kama shimo jeusi. Kwangu mimi, kufika pale na kuona mwanga wa nyota za nyuma ukipindika kulizunguka shimo hilo, nikijua habari yake ilipitia kwenye maji yale yale aliyovua baba, ni jambo ambalo halijanichosha hata mwaka mmoja.

Katika safari hiyo nyota za nyutroni hukuongezea mruko mmoja mara nne, kwa hiyo chombo chenye mruko wa miaka ya nuru 50 huruka 200. Lakini mafuta huchotwa kwenye nyota za aina O, B, A, F, G, K na M pekee. Mwaka 2021 mwenzetu wa Mambrui alizisahau herufi hizo, akaishiwa katikati ya nyota hafifu zisizochoteka. Aliyekuwa akiongoza alikuwa amebeba limpeti, yaani roboti ndogo, za kuhamishia mafuta. Aligeuza chombo bila kuulizwa, akarudi miruko kumi na moja, akamjazia, kisha wakaenda pamoja hadi mwisho. Sisi watatu tulifika kabla yao, na tulikubaliana ushindi wa mwaka ule uandikwe kwa jina la huyo aliyegeuza chombo.

Kwa Ijumaa hii, waombe wenzako wote mtumie Sidewinder, kile chombo cha bure cha kuanzia, ili vyombo viwe sawa kabisa. Chagueni kituo kilicho karibu na sayari kubwa. Ukishamaliza, weka hapa muda wako pamoja na mchoro wa njia uliyoingilia, nami nitakuonyesha mahali ambapo ungeweza kuchelewa zaidi kupunguza kasi.