Kifundo kuteguka kila mara
Kaka, umeuliza kwa nini kifundo cha mguu wako wa kulia kimeteguka mara ya tatu pale uwanja wa Tononoka, Mombasa, na viatu ushabadilisha. Pole sana. Mimi sidhani ni viatu. Wayo ukipinduka kwa ndani, kano (nyuzi zinazoshika mifupa pamoja) za upande wa nje huvutika au kuchanika. Uvimbe ukishuka watu hurudi uwanjani, na mguu bado haujarudia kujishika usiyumbe, ndiyo maana unateguka tena. Simama peku kwa mguu huo mmoja ukipiga mswaki. Ukizoea, funga macho, ukuta uwe karibu. Utavihisi vidole vinavyong'ang'ania sakafu. Kila siku, wiki 6 hivi. Kucheza kwenye mchanga wa ufuo wa Bamburi uache kwanza. Na ukiteguka tena ushindwe kukanyaga hatua 4, nenda ukapigwe eksirei siku hiyohiyo.