Mwanangu, kuhusu hiyo kazi ya chama cha mawakili

Mwanangu,

Voisi yako niliisikia nikiwa Mbuyuni sokoni, kelele tupu, nikairudia nyumbani usiku na baba yako akajifanya hasikilizi. Unauliza hii kazi ya ofisa wa masuala ya umma pale TLS, hicho chama cha mawakili wa Tanzania Bara, uichukue au ubaki hapo Arusha kwa bosi wako muendelee na kesi, na ukienda watu si watasema umeacha uwakili. Jibu la baba yako unalijua, kasema hatukuuza ng'ombe ili mtu asomee sheria halafu akaandike matangazo. Mi sikusema kitu. Nilikuwa namkumbuka babu yako mdogo wa Kibosho.

Stori ya kihamba cha chini, lile shamba la ukoo, mnaijua nusu nyie watoto. Mnajua kilienda, mnajua kwa nini hatupiti ile njia ya mfereji, ila ya hukumu yenyewe hamjawahi kuambiwa kwa sababu babu yenu hakutaka itajwe. Ile kesi ilianzia mahakama ya mwanzo, huko enzi zile mawakili walikuwa hawaruhusiwi kabisa, mtu anasimama mwenyewe anaongea Kiswahili chake, na babu yenu kwa kuongea si unamjua, akashinda. Mwenzake akakata rufaa wilayani akaja na wakili kutoka mjini. Na wilayani hukumu ilikuwa inaandikwa Kiingereza. Najua kwa sababu nilikuwa mchapaji pale mahakamani, niliichapa mimi mwenyewe, kwa mikono hii, ukurasa kwa ukurasa, na kiapo cha kazi kilikuwa hakiniruhusu kufungua mdomo mpaka isomwe.

Siku ya kusomwa sikuwepo, tulikuwa tumelazwa Mawenzi mimi na wewe, malaria ilikuwa imekushika vibaya. Babu akaenda peke yake na koti lake lile la kanisani. Ikasomwa haraka haraka, akaambiwa mawili matatu, watu wakasimama na yeye akasimama, na kule koridoni yule wakili wa mwenzake, kijana mwenye adabu tu wala simlaumu, akampa mkono akamwambia tumemaliza salama mzee. Bas. Babu yako akajua kapongezwa, akapanda gari kwenda Kibosho, akachinja mbuzi.

Tuliporuhusiwa tukaenda moja kwa moja huko, hatujui hili wala lile, tunakuta pombe ya mbege, tunakuta watu, wameshaanza na nyimbo. Mwanangu, mi nilikuwa najua nilichokichapa. Nikamvuta kule zizini nikamwambia baba, umeshindwa, na zipo siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, kesho twende. Unajua alinijibu nini? "Wewe unachapa tu, wakili mwenyewe kanipa mkono." Akarudi kwa wageni wake. Kila nikienda ananiambia yaleyale mpaka siku zikaisha, halafu dalali wa mahakama akaja.

Mpaka leo hilo linanichoma, na sio kushindwa, watu wanashindwa kesi kila siku. Mi nimekaa pale kazini miaka na miaka naona watu wanatoka na karatasi mkononi wanakuja dirishani kwangu, mama hebu nisaidie, nimeshinda au nimeshindwa? Ndio maana nawaambia siku zote, mtu ajue kilichomkuta kabla hajapanda hiace. Hata kama ni kibaya. Akishafika nyumbani hajui, kila jirani atamtafsiria anavyotaka.

Sasa we unaniuliza ni uwakili au sio uwakili. Hicho chama chenu kimeundwa kwa sheria ya mwaka 1954, si ndio, na kwenye kazi zake kilizopewa humo humo kwenye sheria kuna kusaidia serikali na mahakama, na kuna kuwalinda na kuwasaidia wananchi kwenye mambo ya sheria. Babu yako alikuwa mwananchi. Aliyejitokeza kumwambia alikuwa mchapaji na mchapaji hakuaminiwa. Angeambiwa na mtu wa mawakili wenyewe, kwa maneno mepesi, pale pale koridoni, nadhani kile kihamba kingekuwepo.

Lakini ngoja, nisikudanganye, maana hata mi najibishana na nafsi yangu hapa. Kazi yenyewe ulivyonielezea haina koridoni humo. Mswada ukitua Dodoma unakimbizana na maoni ya mawakili uyapeleke kwenye kamati ya Bunge, na ukija kwa hati ya dharura, yaani upitishwe haraka, hata kulala hulali, halafu unaandika taarifa ya rais wa chama kwa waandishi. Na kila wakili wa bara ni mwanachama apende asipende, wamo wa chama tawala wamo wa upinzani wamo wasiotaka hata kuisikia siasa, na wote hao unawasemea kwa karatasi moja. Unakumbuka 2017 walivyokutana hapo Arusha wakamchagua Tundu Lissu awe rais wa chama, na kabla ya hapo serikali ilishawaonya wasigeuze chama cha siasa. 2024 Dodoma wakamchagua Mwabukusi. Kila rais na sauti yake, na jina lako halipo kwenye hiyo taarifa ila simu za lawama zinaita kwako. Hilo nalo ulifikirie, una presha ya shangazi yako wewe.

Halafu na lugha. Sheria ilibadilishwa 2021 Kiswahili kikawa ndio lugha ya mahakama, nilifurahi mno siku ile, nikampigia hadi mama mchungaji. Ila taarifa zenu, samahani, Kiswahili ndio ila mtu wa Kibosho haelewi, kifungu kidogo cha hiki kikisomwa pamoja na kile, mpaka usingizi unanichukua. Mnaweka mahema Wiki ya Sheria mnashauri watu bure, vizuri sana, ikiisha mnakunja mahema na vishoka, wale mawakili feki, wapo getini mwaka mzima. Kama hiyo kazi ni ya kuwaandikia mawakili wenzako wasifiane, baki Arusha. Kama wanakuachia uandike kitu mtu akisome akiwa amesimama stendi akaelewa, hapo... nimesema sitoi jibu, nisije nikalaumiwa na baba yako.

Ila mi ningeenda. Haya, nimeshasema. Usimwambie.

Sasa nikuulize mambo ya maana: leseni yako ya uwakili ya kila mwaka wanakulipia wao au inatoka mfukoni kwako? Na siku zako za kusimamia kesi zilizobaki kwa bosi wako zitakuwaje, wateja wale unamwachia nani? Mshahara pia hujautaja, na unajua kabisa hicho ndicho baba yako atakachouliza cha kwanza. Nijibu hayo kabla ya Jumapili maana anakuja kaka yako na mjadala utaanza upya.

Mama yako