Jibu: Nizime kiyoyozi nikitoka, au nikiache?

Ndugu, umeuliza kama ni afadhali kuacha kiyoyozi kikifanya kazi ukiwa kazini, kwa kuwa umeambiwa kupoza nyumba upya hula umeme zaidi. Hapana, si kweli. Joto huingia kwa kasi kadiri tofauti ya ndani na nje ilivyo kubwa. Ukiiacha nyumba ipate joto, linaloingia hupungua. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kusogeza themostati (kidhibiti cha joto la nyumba) nyuzi 4 hadi 6 za Selsiasi kutoka kiwango cha kawaida kwa saa 8 kila siku huokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka za kupasha na kupoza nyumba.

Wenye pampu ya joto (mashine moja inayopoza na kupasha nyumba), angalieni wakati wa baridi: ukiishusha themostati sana kisha ukaipandisha kwa mkupuo, hita ya akiba huwaka, na hiyo inakula umeme kwelikweli.

Halafu, tafadhali, tazama themostati ilipofungwa. Yangu ilikuwa juu kidogo ya televisheni. Ikasoma joto la televisheni, kiyoyozi kikawa hakipumziki, nasi tunajifunika mablanketi mchana! Tuliihamishia ukuta wa ndani, mbali na jua na dirisha.